Nguvu za Wananchi, au Nguvu juu ya Wananchi?

Ijumaa alasiri, kijiji kimoja cha milimani Upare, wilayani Same. Kwenye mlango wa ofisi ya kijiji limebandikwa tangazo, na gundi yake ya uji wa unga bado mbichi. Kesho Jumamosi saa moja asubuhi kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya itoe mtu mmoja mwenye jembe au sururu, tuchimbe msingi wa darasa. Mstari wa mwisho ni wa herufi kubwa: ATAKAYEKOSA ATATOZWA FAINI.

Watu watano wameketi chini ya mparachichi ulio mbele ya ofisi. Sauti zao nimezitunga, lakini hoja zao zinasikika popote ambapo shule, zahanati na barabara hujengwa kwa kile tunachokiita nguvu za wananchi. Nimewapa majina ya shughuli zao. Yupo Mwalimu, aliyestaafu zamani, na Mtendaji wa kijiji. Yupo Msaidizi wa kisheria, binti aliyerudi nyumbani na mkoba wa vitabu vya sheria. Yupo Mama Kikoba, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wa tano ni Bodaboda, ambaye pikipiki yake imesimama hapo pembeni ikisubiri abiria. Ubishi wao ni mmoja: kazi ya pamoja inalea utu na haki, au inavikanyaga?

MWALIMU: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mimi nilizaliwa nikaukuta msaragambo. Kabla ya mvua za vuli tuliitwa kuzibua tope kwenye ndiva ya ukoo. Nyinyi vijana ndiva mnaziona kama madimbwi ya zamani, lakini ndizo zilizotulisha. Bwawa la udongo linakusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani. Tope likijaa, hakuna mahindi. Aliyezibua alipata zamu ya maji, aliyebaki nyumbani akavuta blanketi alikosa zamu au alitozwa. Hakuna aliyelia kwamba ameonewa. Leo naambiwa haki za binadamu zimeletwa na semina.

MSAIDIZI: Shikamoo, Mwalimu. Sikusema zimeletwa na semina, na ndiva yako ndiyo shahidi wangu. Mliozibua tope ndio mliokaa kugawana zamu. Maji yalipita shambani kwako ukiyaona kwa macho. Na kama mgawaji alipendelea, ulimjua kwa jina na kwa baba yake. Sasa tazama tangazo hilo mlangoni. Nani aliamua darasa lijengwe? Nani alichagua kiwanja? Faini ni kiasi gani, na inaingia kwenye daftari lipi? Karatasi imenyamaza. Inachojua ni kutisha tu.

MTENDAJI: Binti, mimi nina barua ya wilaya na watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Unataka niandike insha mlangoni?

MSAIDIZI: Nataka uandike tarehe ya mkutano. Basi.

MTENDAJI: Nyinyi mnapenda kutaja Katiba nusu nusu. Isome mpaka ibara ya 25. Imekataza kazi ya shuruti, kweli. Halafu ikafafanua kwamba kazi haihesabiwi ya shuruti ikiwa ni sehemu ya majukumu ya kawaida ya ustawi wa jamii, au ya jitihada za taifa za kutumia nguvu za kila mtu. Tangu lini darasa likawa si ustawi wa jamii?

MSAIDIZI: Nimeisoma, Mtendaji. Umeruka sharti moja dogo, kwamba kazi hiyo iwe kwa mujibu wa sheria. Sheria ndogo ya kijiji huanzia kwa wananchi na hupata nguvu ikishaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Haizaliwi kwenye kalamu ya mtu mmoja Ijumaa alasiri. Na kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya kazi ya shuruti, ambao nchi yetu imeuridhia. Nao unaruhusu kazi ndogondogo za jamii kama hizi, ila kwa sharti kwamba wanajamii wenyewe au wawakilishi wao wa karibu wawe na haki ya kushauriwa kama kazi hiyo inahitajika. Ona hapo. Sheria haikuuliza jembe ni zito kiasi gani. Imeuliza kama mwenye jembe aliulizwa.

BODABODA: Mimi nawashangaa wote. Mnabishana kama niulizwe au nisiulizwe, na mimi nabisha kwa nini nichimbe. Kila lita ya petroli ninayotia kwenye pikipiki hii ina kodi ndani yake. Chumvi, sabuni, vocha, kote ninakatwa. Ndugu zetu wa Masaki kule Dar es Salaam wanakatwa hivyo hivyo. Lakini umewahi kusikia mtu wa Masaki ameamshwa alfajiri aende kubeba mawe ya shule? Wao shule inawakuta, sisi tunaifuata na sururu. Huo usawa wa ibara ya 13 ya Katiba unapanda mlima huu au unaishia Same mjini?

MWALIMU: Mjukuu wangu, mtoto atakayekaa katika darasa hilo ni wako.

BODABODA: Ni wangu, Mwalimu, na siku nitakayochimba atalala njaa. Wewe una pensheni. Mwenye duka pale chini anatuma kibarua, yeye analala. Siku moja ya kazi inaitwa siku moja kwa wote, lakini kwangu ni chakula cha nyumbani, na kwake ni salamu tu kwa kibarua.

MTENDAJI: Maneno matamu hayo, ila hayapandishi ukuta. Ngoja niwaeleze kazi inavyokwenda, maana nyie mnaiona kwa nje. Kijiji kinachimba msingi, kinasomba mawe na mchanga, kinafyatua tofali, kinapandisha boma mpaka lenta. Hapo ndipo nakwenda halmashauri nikiwa na picha za boma mkononi, naomba mbao na bati za kupaua. Kijiji kisicho na boma kinaombea nini? Serikali ilipoanza elimu bila ada mwaka 2016, watoto walifurika. Lilikuwa jambo jema. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Wazazi wengi wakaelewa kwamba mambo yote yamekwisha. Bado watoto wanakaa chini. Mnaniambia haki ya kusoma, na mimi nawaambia haki hiyo inahitaji tofali. Mkinizuia kuita watu, mnamzuia mtoto kusoma.

MWALIMU: Hapo umesema. Na Waafrika tulipoandika mkataba wetu wa haki mwaka 1981 hatukuiga tu maneno ya wengine. Tuliweka na wajibu, ibara ya 27 hadi ya 29. Mtu ana wajibu wa kuitumikia jamii yake kwa nguvu zake na akili zake. Haki isiyo na wajibu ni mgeni asiyeshika jembe hata siku ya tatu.

MSAIDIZI: Mwalimu, malizia ibara hiyo ya 29. Inataja pia kulinda maadili mema ya Kiafrika katika uhusiano wa mtu na wenzake, na inasema yalindwe kwa moyo wa kuvumiliana, kuzungumza na kushauriana. Wajibu na ushauri wameviweka kwenye ibara moja, kama mume na mke. Nyinyi mnamchukua mmoja, mwingine mnamwacha nje ya mlango.

Mama Kikoba, aliyekuwa kimya akichambua mboga kwenye ungo, ananyoosha mkono kama yuko kikaoni.

MAMA KIKOBA: Naomba nafasi. Mimi nimelipa faini ya msaragambo mara tatu mwaka huu.

MTENDAJI: Najua, Mama. Nimeona jina lako kwenye orodha ya wakaidi.

MAMA KIKOBA: Mimi ni Msabato, Mtendaji. Kanisa letu liko milima hii tangu mwaka 1903, kabla ya ofisi yako, kabla ya wilaya hii kuwa na bendera tunayoijua. Kila msaragambo wako ni Jumamosi. Nichimbe nimwasi Mungu wangu, au nisali niitwe mkaidi. Nimechagua kusali na kulipa.

MTENDAJI: Mama, kwa nini hukusema?

MAMA KIKOBA: Uliniuliza lini?

Kimya. Bodaboda anacheka kidogo, kisha anaona hakuna anayecheka naye.

MSAIDIZI: Hiyo ni ibara ya 19 ya Katiba, uhuru wa dini. Lakini sidhani kama Mtendaji alikusudia kuuvunja. Hakukaa akasema, nitawakomoa Wasabato. Haki nyingi za kijijini huvunjika hivyo, pasipo na adui. Mtu mmoja amekaa na kalenda, amechagua siku iliyo tupu kwake.

MTENDAJI: Sasa niiweke lini? Jumapili Walutheri wako kanisani. Ijumaa Waislamu wana swala yao ya adhuhuri.

MAMA KIKOBA: Alhamisi, Mtendaji. Mtu yeyote kijijini angekwambia Alhamisi. Na nikuongezee jingine, maana leo nimeanza. Hesabu majembe siku ya msaragambo. Wengi ni wanawake. Sisi tunachota maji ya kufyatulia tofali kutoka mtoni, tunapika uji wa mafundi. Sasa hesabu majina ya kamati ya ujenzi. Ukinipatia mwanamke wa pili nitakupa kuku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilishatambua ugonjwa huu. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kwenye ardhi tumehesabiwa. Kwenye tofali bado ni wachota maji.

MWALIMU: Lakini Mama, kwenye kikoba chenu nako kuna faini. Nasikia mtu akichelewa dakika tano anatozwa.

MAMA KIKOBA: Anatozwa, na analipa akicheka. Unajua kwa nini? Faini hiyo aliipanga yeye. Siku tulipoanza kikundi tulikaa wiki kadhaa tukiandika katiba yetu kwenye daftari la shule. Kuchelewa, shilingi kadhaa. Simu kulia kikaoni, shilingi kadhaa. Kufiwa, hutozwi, unapewa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mimi mweka hazina sina hata mmoja. Pesa zinahesabiwa mbele ya macho yote. Mgambo hajawahi kukanyaga kwetu. Wanaolipa pale ni wale wale unaowaita wakaidi huku. Mtu hawi mkaidi Jumamosi akawa mwaminifu Jumatano. Kilichobadilika ni kikao.

MWALIMU: Hmm. Hilo limenigonga. Linanikumbusha mbiru.

BODABODA: Mbiru ndiyo nini, Mwalimu?

MWALIMU: Ona, mtoto wa Upare anauliza mbiru. Katika miaka ya 1940 Mwingereza alileta kodi ya kukadiria mapato ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Wazee wetu hawakukataa kodi. Kodi ya kawaida walikuwa tayari kuilipa. Walikataa kukadiriwa ng'ombe na migomba yao na watu waliokaa chumbani. Januari 1945 wakashuka kwa maelfu mpaka boma la Same, wakakaa pale. Hawakubeba mikuki. Walikaa tu, wakidai wasikilizwe.

MAMA KIKOBA: Na wanawake wa Usangi je? Wanaume walipokaa huko Same miezi na miezi, wanawake walimzingira mkubwa wa Serikali wakamwambia amalize shauri hilo, au basi awape mimba yeye, maana waume zao amewaweka huko. Bibi zetu hao.

MWALIMU: Na kodi ikafutwa mwishowe. Sasa nikijiuliza kwa unyofu, nasikia aibu kidogo. Babu zetu walimkatalia mkoloni jambo lile lile ambalo mimi leo nalitetea kwa jina la mila.

MTENDAJI: Mwalimu, usinilinganishe na mkoloni. Mimi sijitajirishi. Nataka darasa.

MWALIMU: Najua, mwanangu. Na sisi tulitaka maendeleo, usidhani. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha mbali na huku, nikaona Operesheni Vijiji kwa macho yangu. Lori linashusha masufuria na vitanda porini, nyuma nyumba zimeezuliwa watu wasirudi. Shule na zahanati viliahidiwa, na vingine kweli vilikuja. Lakini kabla ya hapo, kule Ruvuma, kulikuwa na kijiji cha Litowa na wenzake. Vijana walianza wenyewe mapema miaka ya 1960, wakalima pamoja, wakaendesha shule yao, wakapanga kila kitu mkutanoni. Nyerere aliwasifu. Chama chao cha maendeleo kikavunjwa Septemba 1969, kwa uamuzi wa chama tawala. Miaka minne baadaye ikatangazwa kwamba kuhamia vijijini ni lazima. Walioujua ujamaa kwa hiari walivunjwa, kisha ukaletwa kwa lori.

BODABODA: Basi tuachane nao wote, wa hiari na wa lazima. Mimi nilikuwa utingo wa malori ya Kigali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, tunasimama. Ni umuganda. Kila mtu wa miaka 18 mpaka 65 yuko nje na fyekeo. Ukikwepa, faini yaweza kufika faranga elfu tano. Na Kigali ni safi, siwezi kusema uongo. Unaweza kulamba barabara.

MTENDAJI: Haya! Wenzetu wanasonga mbele, sisi tunahesabu ibara.

MSAIDIZI: Rwanda ina mafunzo mawili, Mtendaji, na inafaa kuyachukua yote. Umuganda ulifanywa wa lazima chini ya Rais Habyarimana mwaka 1974. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mazoea yale yale ya kuitwa na kutii bila kuuliza yalitumika kuwakusanya watu, na mauaji ya jirani yakaitwa kazi. Umuganda wa leo umejengwa upya. Baada ya kufyeka, watu hukaa kikao wakazungumza mambo ya eneo lao. Kwa hiyo mshikamano peke yake si tunu. Mshikamano ni nguvu kama maji ya ndiva. Unaweza kunywesha shamba, na unaweza kubomoa nyumba. Kinachoamua ni nani ameshika mlango wa maji, na kama anaweza kuulizwa.

BODABODA: Kwa hiyo wewe mwenyewe unakubali kazi ya pamoja?

MSAIDIZI: Nitakwambia jambo ambalo semina zangu hazilipendi. Nimepanda milima hii na vipeperushi vya haki, nimegawa soda, watu wamepiga makofi. Wiki moja baadaye hakuna aliyekumbuka ibara hata moja. Lakini mtu aliyesomba mawe ya zahanati, siku dawa zikiibwa, hakuna anayemzuia kuuliza. Anasema, hili jiwe nililibeba mimi. Haki imeingia mwilini kupitia mgongo. Siwezi kuukataa msaragambo, ndiyo shule niliyokosa mimi. Nakataa tu shule ambayo mwanafunzi haruhusiwi kunyoosha mkono.

MTENDAJI: Na mvivu je? Kila mahali kuna kupe. Mkutano umekubali, siku imepangwa Alhamisi, kamati ina wanawake, na bado mtu amekaa kilabuni. Nimfanye nini? Nimbembeleze?

MWALIMU: Atozwe. Hapo sitoki.

MSAIDIZI: Atozwe, kwa kiasi kilichopangwa na Mkutano Mkuu wa kijiji, kwa sheria ndogo iliyoidhinishwa, na apewe stakabadhi. Mzee, mgonjwa, mjamzito na mlemavu wasamehewe kabla hawajaomba. Asiyeweza sururu apewe kazi nyingine, ya kupika au ya kuandika daftari. Na mgambo asibebe kuku wala sufuria ya mtu bila amri halali, maana mali ya mtu ina ulinzi wake katika ibara ya 24 ya Katiba. Mapato na matumizi yasomwe kila miezi mitatu, tofali kwa tofali.

BODABODA: Mimi bado nasema kodi yangu ingetosha. Ila hayo ya stakabadhi nayaunga mkono. Nikilipa trafiki nadai risiti, kwa nini kijijini nisidai?

Jua limeshagusa mgongo wa mlima. Mama Kikoba anakunja kanga yake, anafunika ungo. Sabato yake inaanza jua likizama, na chungu bado hakijatelekwa.

MTENDAJI: Sawa. Nimewasikia. Nitaitisha mkutano kwanza, wazungumze, wapange siku na kamati. Halafu tuchimbe.

BODABODA: Na mkutano ukisema hapana?

MTENDAJI: Hapana vipi?

BODABODA: Ukisema hatutaki darasa hapo, tunataka kwanza choo cha shule. Au hatutaki kuchimba kabisa, tunataka wilaya ilete pesa. Utaandika hivyo kwenye muhtasari?

Mtendaji anamtazama Mwalimu. Mwalimu anatazama mparachichi.

MTENDAJI: Miaka yangu yote ya utendaji, sijawahi kuona mkutano ukikataa jambo lililoletwa na ofisi.

MAMA KIKOBA: Basi bado hujatuuliza.

Anaaga kwa adabu, kwanza kwa Mwalimu, anateremka njia ya mkato kati ya migomba. Bodaboda anapiga kiki, Msaidizi anapanda nyuma na mkoba wake. Mwalimu anajikongoja na fimbo. Mtendaji anabaki peke yake mbele ya mlango. Ananyoosha kidole, anagusa pembe ya karatasi. Gundi haijakauka.